Naomba ushauri: Electric Mud ya Muddy Waters, ninunue au niachane nayo?

Wakuu, nina hela ya santuri moja tu mwezi huu, na muuzaji kanishikia Electric Mud (1968), albamu ya mwanabluzi Muddy Waters. Niliposoma habari zake nikasita. Ilipotoka wahakiki wengi wa Marekani waliiponda: eti mtayarishaji wake Marshall Chess kamvalisha Muddy, mkongwe wa bluzi wa Chicago, nguo za vijana wa roki, magitaa makelele matupu, bluzi imezama. Muddy mwenyewe baadaye aliikataa. Halafu humo anaimba tu, magitaa wameshika akina Pete Cosey na Phil Upchurch!

Lakini miaka mingi baadaye Chuck D wa kundi la rap la Public Enemy akaisifia sana, na mimi nikisikiliza vipande vyake naona besi na ngoma zina moto kwelikweli. Sijui masikio yangu ndiyo mabovu?

Mbadala ni Folk Singer ya 1964, magitaa yasiyo ya umeme, Buddy Guy akimsindikiza, au Hard Again ya 1977 iliyotayarishwa na Johnny Winter na kushinda Grammy.

Mlio nazo, ipi haichoshi ukiirudia? Na Electric Mud inafaa kwa spika ndogo za mezani?