Mjadala: Kompyuta ya 2008 kupigwa mfumo wa leo, tunaiokoa au tunaitesa?

Mleta mada:
Wadau, nianze na dhambi yangu. Nina kompyuta mpakato yenye prosesa ya Core 2 Duo, ya 2008, RAM 4 GB, diski ile ya kuzunguka. Nikaipiga Windows 11 kwa njia za panya, nikaruka ukaguzi wa TPM (chipu ya usalama) na wa prosesa. Ikakubali. Ila tangu nibonyeze swichi hadi kipanya kianze kutii zilipita dakika saba, na taa ya diski haikupumzika hata kidogo. Nikang'oa diski, nikaweka SSD, diski isiyo na kitu cha kuzunguka. Prosesa ileile, RAM ileile, ikawa dakika moja na ushee. Kichwa cha diski ya kuzunguka hukimbia huku na kule, na kwa vipande vilivyotawanyika kinamudu kama mia hivi kwa sekunde. SSD ya kawaida inamudu makumi ya maelfu. Siku hizi mtu akiniambia prosesa yake imechoka, namuuliza kwanza ana diski gani.

Halafu likaja toleo la 24H2 la Windows 11. Halikuwaka kabisa. Linadai amri za POPCNT na SSE4.2, na prosesa yangu haikuzaliwa nazo. Huo ni ukuta wa kweli na siulalamikii.

Ninaoulalamikia ni ukuta wa karatasi. Windows 11 ilipotoka 2021 iliziacha nje karibu prosesa zote za Intel za kabla ya kizazi cha 8. Mwenye i7 ya 2016 na RAM 16 GB, mashine inayopaa, akaambiwa haifai. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 nayo ikaachwa. Je, kampuni ina haki ya kuchora mstari pale ambapo mashine yenyewe haijagoma?

Mchangiaji wa 2:
Mkuu, umejitakia. Piga Linux nyepesi, antiX au Puppy, uone mashine inavyofufuka.

Mchangiaji wa 3:
Mnajifariji. Kuwaka si kufanya kazi. Mwaka 2024 Dmitry Grinberg aliwasha Linux kwenye Intel 4004, chipu ya 1971 ya biti 4. Iliwaka kweli, baada ya siku 4.76! Ni kazi ya fundi hodari na namvulia kofia, lakini kuna anayeweza kuandikia barua hapo?

Mfumo mwepesi unakula RAM kidogo, sawa. Fungua sasa kivinjari. Kwenye mashine ya RAM 2 GB, kurasa tatu tu na yote imekwisha, diski inaanza kubeba mzigo wa RAM, kila kitu kinaganda. Uzito umehamia kwenye kurasa, na ukurasa haujali chini yake kuna Puppy au Windows. Ongeza video: chipu ya picha ya zamani haijui kufungua miundo mipya, kwa hiyo prosesa inabebeshwa yote, feni inapiga kelele na picha inarukaruka.

Na kuhusu "ukuta wa karatasi", TPM ina kazi yake, inatunza funguo za kusimbia diski. Hata hivyo Microsoft wenyewe walitaja badiliko la rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) la kuruka sehemu ya masharti, wakaonya kwamba masasisho hayana uhakika. Ulitaka wakubebe mgongoni?

Mchangiaji wa 4:
Yangu ina Windows XP, haijaguswa na intaneti miaka mingi, inaendesha mashine ya kukatia mbao. Sipigi chochote.

Mchangiaji wa 2:
Wa 4, wewe umemaliza kesi yako. Ila flashi inayoingia humo ichunguzwe.

Mleta mada:
Wa 3, la kivinjari nakubali bila kubisha. Yangu sasa ina Linux, nafungua ukurasa mmoja, nasoma, nafunga. Video nimesahau. Kuandika na kusikiliza muziki inanitosha.

Na wa 2 asijisahau, Linux nayo inajenga kuta. Debian 13, Agosti 2025, imeacha kutoa kisakinishi cha prosesa za biti 32. Firefox ya Linux nayo imeziacha kuanzia toleo la 145. Mwenye Pentium 4 ya mwanzo atabaki na mifumo michache mno, na kwa umeme unaoliwa na mashine zile, sitamshawishi aendelee.

Ila tazameni namna ukuta unavyoweza kujengwa. Kuna Pentium M za zamani zenye uwezo wa PAE (njia ya prosesa ya biti 32 kufikia RAM zaidi ya 4 GB) lakini hazijitangazi kuwa nao. Kernel, yaani kiini cha Linux, ikiuliza, haioni kitu, inakataa kuwaka. Wakaweka neno moja la kuandika wakati wa kuwasha: forcepae. Ukiliandika, inakuonya, inawaka, lawama ni zako. Badiliko lile la rejista lilikuwa na onyo, kweli, lakini likakuacha hujui kama sasisho lijalo la usalama litakufikia. Mimi naomba mlango wenye onyo, na masasisho ya usalama yapite mlango huohuo hadi prosesa yenyewe ishindwe.

Mchangiaji wa 3:
Na nani atayajaribu masasisho hayo kwenye kila prosesa ya 2016?

Mleta mada:
Windows 10 ilikuwa ikiyapokea kwenye prosesa hizohizo hadi Oktoba 2025. Walikuwa wakiyajaribu wapi?