Kuruka hadi dakika fulani kwenye rekodi ndefu: Audacity au Reaper?

Kinasa_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Nahariri mahojiano ya wazee, kila rekodi inakaribia saa mbili. Mwenzangu hukaa na daftari, kisha ananipa karatasi: "00:47:12 kikohozi, kata." "01:13:40 jina la kijiji, lisikike vizuri." Natumia Audacity, programu ya kuhariri sauti. Nasogeza kwa kipanya, napitiliza, narudi, napitiliza tena. Karatasi moja inakula nusu siku. Nashauriwa nihamie Reaper, programu nyingine ya kazi hiyohiyo. Kuna tofauti, au ni ushabiki tu?

MzeeWaMawimbi
Audacity yenyewe bado hujaitumia, mkuu. Tazama chini ya dirisha, kwenye tarakimu zinazoonyesha mwanzo wa sehemu uliyochagua. Bofya tarakimu ya kwanza, andika 004712, ucheze: inaanzia hapohapo. Mchoro wa sauti usiposogea, Ctrl+[ itauleta. Sauti ikiwa inaendelea, mshale wa kulia au wa kushoto unaruka sekunde 1; ukishika na Shift, 15. Mimi hiyo 15 nimeipunguza hadi 5 kwenye mipangilio, kikohozi gani kinadumu robo dakika?

BiRedio
Ninazo zote mbili. Kwa kazi ya karatasi, Reaper inashinda. Ctrl+J, kidirisha kinafunguka, unaandika 47:12, Enter, umefika. Ila rula yake, ule ukanda wa muda ulio juu ya mchoro, ikiwa inahesabu mapigo ya muziki utapelekwa usikokujua. Ibofye kulia kwanza, chagua dakika na sekunde.

Halafu kuna alama. M inaweka alama, na ukitaka ya tano unaandika m5 kwenye kidirisha kilekile. Audacity nayo ina lebo: Ctrl+M sauti ikiendelea, kisha Alt na mshale kuhama. Si mbaya, lakini kwa kibodi unazipita moja moja, na zikifika 30 utachoka.

Bei: Audacity bure. Reaper siku 60 za kujaribu, kisha dola 60 kwa mtu binafsi.

Sikio_Tu
Mimi sioni, natumia NVDA, programu inayonisomea skrini kwa sauti. Kwenye zile tarakimu za Audacity, mshale wa juu unaongeza na wa chini unapunguza, NVDA inanisomea. Reaper bila kuongezewa OSARA, nyongeza inayoifanya isomeke na programu kama NVDA, kwangu ilikuwa ukuta mtupu, nilipoiweka, ikafunguka. Kwa mahojiano bado narudi Audacity, mkono umezoea.

Kinasa_Tanga
Asanteni. Ile ya tarakimu imeniokoa, nilidhani ni za kutazama tu! Sasa mtihani: karatasi ya Jumanne mwenzangu kaandika saa za mkononi mwake. "4:22 jogoo." "5:10 kicheko, kiachwe." Rekodi ilianza saa 4:05 asubuhi. Nitoe hesabu mstari kwa mstari?

MzeeWaMawimbi
Kwa Audacity, ndiyo, toa. 4:22 inakuwa dakika ya 17. Kalamu haiumi.

BiRedio
Mzee, muonee huruma. Kaka, fungua mipangilio ya mradi kwenye Reaper, pale pa muda wa kuanzia weka 4:05:00. Rula yote itasoma saa za Kiswahili kama alivyoandika mwenzako. Kisha Ctrl+J, 4:22:00.

Sikio_Tu
Hii sikuijua. Nimejaribu sasa hivi, imekubali. Nimecheka peke yangu.

Kinasa_Tanga
Nimeweka. Naenda 4:22, hakuna jogoo. Mzee anaeleza habari za mashua. Narudi nyuma taratibu, jogoo yuko 4:19. Nikajaribu kicheko, kiko 5:07. Nimempigia mwenzangu, kumbe saa yake iko mbele dakika 3 tangu mwezi wa Ramadhani, hakutaka kuchelewa kufuturu.

BiRedio
Basi weka 4:08:00 badala ya 4:05, umemaliza. Saa yake usiiguse.