Naomba ushauri: asiye na chama ajiunge ili apige kura ya mchujo?

Ndugu zangu, mimi ni mpiga kura wa Kisauni, si mwanachama wa chama chochote, na uchaguzi wa 2027 unapokaribia jambo moja linanitatiza. Katika baadhi ya wadi zetu hapa Mombasa, anayepata tiketi ya chama chenye nguvu huwa keshashinda, kwa hiyo tusiopiga kura ya mchujo huachiwa kuidhinisha tu chaguo la wengine. Sheria ya Vyama vya Siasa, ilivyorekebishwa mwaka 2022, inataka wanaoshiriki mchujo wa moja kwa moja wawe wanachama waliosajiliwa, wala hairuhusu mtu kuwa katika vyama viwili. Kule New Hampshire, Marekani, asiye na chama huchagua mchujo mmoja akapiga kura.

Mzee mmoja barazani aliniuliza, "Harusi si yako, wataka kumchagua bwana harusi?" Ana hoja, ingawa gharama za harusi hiyo tunazilipa sote.

Je, nijisajili katika chama nisichokiamini, kisha nijiuzulu? Mnaoifahamu sheria, naomba mnishauri, hasa kwa kuwa nafikiria kugombea udiwani siku moja, na Katiba inamtaka mgombea huru awe hajawa mwanachama wa chama kwa miezi 3 kabla ya uchaguzi.