Ramani ya treni za chini London 1908, mbona katikati hapasomeki?

kalamu_kavu: Wakuu habari za jioni. Nimekuta ramani ya treni za chini ya ardhi za London ya 1908 nikaisevu kwenye simu, nimeizumu mpaka macho yanawasha. Katikati vituo vimebanana hatari, majina yanapanda juu ya mitaa, alafu magharibi reli zimekatwa tu kama karatasi iliisha. Waliochora walikuwa hawajui au?

bwana_reli: Walijua mkuu, na karatasi kweli iliisha. Mistari imelazwa juu ya ramani halisi ya mji, kwa kipimo, sasa ukikuza katikati pasomeke, Ealing, kule magharibi, inatoka nje ya karatasi, ndo maana reli za District na Metropolitan zimepigwa panga. Na kumbuka lile lilikuwa tangazo! Kampuni zilikuwa tofauti tofauti, abiria hawakufikia idadi waliyotarajia, wakaona bora waungane kwenye ramani moja ya bure chini ya jina UNDERGROUND. Rangi ndo zilezile za leo.

mama_chati: Hapo kwenye rangi umeteleza kaka. Kijani cha District na kahawia ya Bakerloo sawa, ila Central ilikuwa bluu na nyekundu ilikuwa ya Metropolitan.

bwana_reli: Dah kweli, nimekubali.

mtembea_kwa_miguu: Mitaa ilikuja kuondolewa 1920 na mchoraji MacDonald Gill, ila mistari ikabaki imepindapinda kama reli yenyewe. Harry Beck ndo akainyoosha, jamaa alikuwa fundi mchoraji, 1931 akapeleka ramani ya mistari ya wima, mlalo na nyuzi 45 tu, wakamkatalia, mpaka Januari 1933 ndo ikatoka na watu wakaigombania. Lakini mimi ile ya zamani naitetea. Nilipofika London mara ya kwanza nilipanda treni Leicester Square kwenda Covent Garden, nikashuka chini kabisa, nikasubiri, nikapanda lifti kutoka, kumbe juu ni kama mita 260, ningetembea hata chai isingepoa mkononi. Kwenye ramani iliyonyooshwa huwezi kujua hilo.

kalamu_kavu: Hahaha nimezitafuta hizo mbili kwenye ya 1908, nukta zake karibu zigusane. Na mto je, Beck aliutoa?

mama_chati: Thames aliuacha, ila nao akaunyoosha kwa rula.