Stelingi inalia asubuhi na oili imekuwa nyeusi: naweza kuibadilisha mwenyewe nyumbani?

Binti wa Dereva

Habari zenu wakuu. Nina Toyota Corolla ya mwaka 1998, ya petroli, niliyoachiwa na baba yangu. Baba alikuwa mtu wa kuandika. Kwenye droo ya dashibodi kuna daftari lake, na humo kila oili ya injini, kila plagi na kila tairi ina tarehe yake na kilomita zake. Nimelipitia ukurasa kwa ukurasa. Oili ya stelingi haimo hata mara moja, kwa hiyo naamini iliyomo ni ile ambayo gari lilitoka nayo kiwandani.

Dalili ni hizi. Nikiwasha asubuhi na kukata kona ya kwanza, unatoka mlio wa kuvuma ambao unapanda kadiri ninavyozungusha usukani. Gari likishapata moto mlio unapungua, lakini hauishi. Usukani si mzito. Nimefungua kifuniko cha kikopo cha oili nikachovya karatasi nyeupe: imetoka nyeusi, pembeni kahawia, na inanuka kama kitu kilichoungua. Kiwango kiko chini kidogo ya alama ya mwisho.

Fundi mmoja ameniambia pampu imekufa, ninunue nyingine. Sijakubali bado. Nataka kwanza nibadilishe oili kwa mikono yangu. Nina jeki, stendi mbili, koleo na spana za kawaida, ila mfumo huu sijawahi kuugusa. Nianzie wapi, nitumie oili gani, na ni kitu gani naweza kuharibu nikikosea?

Kibisibisi

Dada, kwanza tofautisha mlio. Ukiwa mkali, wa kupiga kelele ghafla unapofika mwisho wa kukata, huo ni mkanda unaoteleza kwenye puli ya pampu. Uangalie kama umepasuka au umelegea. Ukiwa wa kuvuma na unapanda taratibu, hapo ni oili iliyopungua au hewa iliyoingia. Kwa maelezo yako, ni huo wa pili.

Mzee wa Spana

Binti, umefanya jema kuchovya karatasi kabla ya kutoa pesa ya pampu. Nitakuandikia kwa urefu kwa sababu kazi hii ni nyepesi, lakini ina sehemu mbili tatu ambazo ukiziharakisha utaua pampu iliyokuwa nzima.

La kwanza, nalo ndilo watu hulipita: oili ya stelingi hailiwi. Oili ya injini inaweza kuungua kidogo kidogo, hii haina pa kuungulia. Pampu inasukuma, raki (chuma chenye meno kinachogeuza matairi ya mbele) inapokea, oili inarudi kwenye kikopo, safari inaanza tena. Kiwango kikishuka, kuna mahali imetokea. Kwa hiyo kabla hujatoa tone moja, chukua tochi ulale chini ya gari. Injini ikiwa imezimwa, pitisha kidole kwenye kila ungio la paipu. Ikiwa inazunguka usipapase kabisa: usukani ukikatwa hadi mwisho, mgandamizo kwenye paipu inayotoka pampu kwenda raki hupita baa 70, na tairi lako lina baa 2 na kidogo tu. Oili ikipenya kwenye tundu dogo kwa nguvu hiyo inatoboa ngozi. Halafu bonyeza mabuti ya raki, zile raba zenye mikunjo huku na huku. Ukiyakuta yamejaa oili ndani, sili za raki, yaani raba zinazozuia oili isitoke, zimekwisha, na oili mpya itafuata njia ileile.

Oili yenyewe: Corolla ya umri huo hutumia ATF, ile nyekundu ya gia za otomatiki. Kitabu cha gari kitakuambia Dexron II au III. Usizunguke kutafuta chupa iliyoandikwa Dexron II. General Motors, wenye jina hilo, leseni za Dexron III zenyewe walizikomesha mwishoni mwa 2006. Chukua ATF ambayo mtengenezaji wake ameandika kwamba inafaa mahali pa Dexron III. Nunua lita 2: mfumo unabeba kama lita 1, iliyobaki ni ya kuoshea.

Wengine mnaosoma, msiyapeleke maneno haya kwenye kila gari. Honda wana oili yao ya stelingi, na ATF si yake. Baadhi ya magari ya Ujerumani yanataka ile ya kijani, CHF 11S, na kuna BMW zinazotumia nyekundu na nyingine za kijani, ndugu wa tumbo moja. Kifuniko cha kikopo ndicho kinachosema. Na oili ya breki isikaribie huku hata siku moja. Inakula sili zote.

Nalisema hili kwa uchungu. Niliwahi kuweka ATF kwenye gari lililotaka oili yake maalumu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mkononi na nilikuwa na safari. Miezi michache sikuona kitu. Kisha sili ya shafti ya pampu ikaanza kutoa jasho, jasho likawa matone, na mwisho nilibadilisha pampu na paipu zake. Tangu hapo sifungui kikopo bila kusoma kifuniko, hata cha gari ninalolijua.

Sasa kazi. Weka vizuizi kwenye matairi ya nyuma, vuta breki ya mkono, inua mbele na uliweke gari juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi. Matairi yakiwa hewani usukani unazunguka kwa kidole, na pampu haibebi mzigo. Tandika kitambaa juu ya mkanda na jenereta; oili ikidondokea mkanda utateleza, nawe utaanza kutafuta mlio mwingine.

Tafuta bomba kubwa la sindano, uunganishe na kipande cha mpira mwembamba. Futa kikopo chote kwanza kwa nje, maana mchanga ukiingia humo unakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Nyonya oili yote iliyo kikoponi, jaza mpya hadi alama, funga. Washa injini, kata usukani kushoto hadi karibu na mwisho, kisha kulia, mara tano au sita. Usiushikilie mwisho kabisa kwa zaidi ya sekunde 5. Zima, nyonya tena, jaza tena.

Kila mara unatoa sehemu tu. Tuseme kikopo kinachukua theluthi moja ya oili yote, au pungufu kidogo, asilimia 30. Mara ya kwanza imebaki asilimia 70 ya oili ya zamani, mara ya pili 49, ya tatu 34. Mara ya sita imebaki kama 12. Ndiyo maana nimesema lita 2. Usiache katikati kwa sababu rangi imeanza kupendeza.

Na kamwe injini isizunguke kikopo kikiwa kitupu, hata sekunde chache. Oili ndiyo inayolainisha pampu.

Chuma Moto

Namheshimu mzee, ila njia ya sindano ni ndefu na haimalizi uchafu. Mimi huchomoa paipu ya kurudisha, ile nyembamba kati ya zile mbili za kikopo (nene inakwenda kwenye pampu). Naziba mdomo wa kikopo uliobaki wazi, naielekeza paipu kwenye chupa tupu ya lita 2, matairi yakiwa hewani. Ufunguo nauweka mahali ambapo usukani haujifungi, lakini injini siwashi. Mtu mmoja anazungusha usukani taratibu mwisho hadi mwisho, mimi namimina mpya. Chupani inaanza kutoka nyeusi, halafu kahawia, halafu nyekundu safi. Lita moja na nusu, umemaliza.

Mzee wa Spana

Chuma Moto, njia yako ni nzuri, na umefanya vyema kutowasha injini. Wanaowasha hukuta kikopo kimekauka kabla hawajafungua chupa ya pili. Hofu yangu ni mpira wenyewe. Paipu ambayo haijachomolewa tangu 1998 imeshikana na mdomo wa plastiki. Ukiivuta kwa nguvu, ama inapasuka ama mdomo wa kikopo unakatika, na mtu aliyekuwa anabadilisha oili sasa hana gari. Kwa mara ya kwanza, kwa gari hili, mimi nabaki na sindano. Akitaka njia yako awe na paipu mpya na klipu mpya mkononi kwanza.

Binti wa Dereva

Shikamoo mzee. Asanteni wote. Jumamosi nimefanya kwa sindano. Mabuti ya raki ni makavu, nimeyabonyeza yote mawili. Mara ya kwanza nilitoa oili nyeusi kabisa, na chini ya kikopo kulikuwa na tope laini ambalo nilifuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Mara ya tatu ilikuwa inaelekea kahawia.

Lakini baada ya mara ya nne nimefungua kifuniko nikakuta povu, waridi iliyopauka, limepanda hadi mdomoni. Mlio umekuwa mkubwa kuliko wa mwanzo. Nimezima. Nimeua pampu?

Mzee wa Spana

Marahaba binti. Hujaua kitu, maadamu umezima. Povu ni hewa iliyochanganyika na oili. Acha kifuniko wazi, funika juu kwa kitambaa safi, ukae saa moja bila kuligusa. Povu litashuka lenyewe. Ongeza hadi alama, kisha injini ikiwa imezimwa zungusha usukani taratibu mwisho hadi mwisho, mara 20. Utaona mapovu yanapanda kikoponi. Yakiisha ndipo uwashe.

Ila nijibu swali moja. Kikopo hakikukauka hata mara moja? Kama hakikukauka, hewa hiyo inaingilia mahali, na mahali pa kwanza pa kuangalia ni paipu nene kati ya kikopo na pampu. Upande huo hauna mgandamizo, pampu inanyonya. Klipu ikilegea hapo, injini ikizunguka inavuta hewa bila kutoa tone. Ukizima, ndipo inapotoa jasho kidogo kidogo. Mtu anaangalia gari likiwa linanguruma, anaona pakavu, anasema pampu imekufa.

Binti wa Dereva

Mzee, ni hapo hapo. Hakikukauka, nilikuwa makini sana na hilo. Nimeweka tochi chini ya paipu nene, upande wa pampu: vumbi limegandia kwenye mstari mweusi wenye unyevu, na klipu inazunguka kwa vidole viwili. Mpira wa mwisho umekuwa mgumu kama plastiki, una nyufa ndogo pembeni.

Nimebadilisha paipu nzima na klipu zote mbili. Nilitaka kutumia kipande cha mpira wa maji nilichokuwa nacho, ila aliyeniuzia akanionyesha kwamba kuna wa oili maalumu, nikachukua huo. Kikopo kilikuwa kimetoka kwenye gari, kwa hiyo nilikiosha ndani kwa ATF safi. Ndani kuna kichujio cha nyavu kilichokuwa na utelezi mweusi. Nikakimiminia ATF hadi nikaona mwanga unapita.

Halafu nikafanya kama ulivyosema: injini imezimwa, mara 20, nikihesabu kwa sauti, mdogo wangu akiangalia mapovu. Mara ya 14 yakakoma. Nikamaliza hizo sita. Nilipowasha sikuamini, nikashusha kioo nisikie vizuri. Nimekata kona zote mbili hadi karibu na mwisho, kimya. Asubuhi ya leo kulikuwa na mvumo mdogo kwa sekunde mbili tatu, basi.

Imeingia kwenye daftari la baba: kilomita, ATF lita 2 na robo, paipu ya kunyonya, klipu mbili. Oili chafu iko kwenye chupa zake, nitaipeleka gereji wanakokusanya oili iliyotumika.

Lile povu lililobaki kidogo kwenye kingo za kikopo, niliondoe au litaisha?

Mzee wa Spana

Litaisha lenyewe, usilihangaikie. Sekunde hizo za asubuhi ni hewa ya mwisho iliyojificha kwenye raki. Siku chache za kuendesha zitaitoa. Pima kiwango kesho injini ikiwa baridi, kwa alama ya baridi, kisha tena baada ya safari, kwa alama ya moto, kwa sababu oili hupanda ikipata joto. Ukiijaza hadi alama ya moto asubuhi, itamwagikia nje mchana nawe utadhani paipu mpya inavuja. Baada ya wiki mbili lala chini tena na tochi yako, uguse klipu zile mbili. Mpira mpya hujikaza na klipu hudai robo ya mzunguko zaidi.

Chuma Moto

Dada, hongera. Sasa paipu ni mpya na haijashikana, mwakani jaribu njia yangu.