Malindi: mweka hazina kaondolewa kwa kuwa hana dini. Huu ni uonevu!

Wadau, salaam. Hili limenikaba na sitalinyamazia.

Kikundi chetu cha wavuvi na mama karanga (akina mama wanaonunua samaki, kuwakaanga na kuwauza) hapa Malindi kimemwondoa mweka hazina wake. Hakuiba, na hata waliompiga vita hawakusema kaiba. Uongozi mpya ulileta utaratibu wa kila kiongozi kula kiapo: Msahafu upande huu, Biblia upande ule, shika chako. Yeye akasema kwa adabu kabisa kwamba hana dini, hawezi kushika kitabu asichokiamini mbele ya watu wanaokiheshimu, ila daftari lake hilo hapo, anayetaka alikague. Kelele zikaanza. "Asiyemwogopa Mungu atatuogopa sisi?" Mikono ikanyanyuliwa, kwisha.

Hebu fikirini jamani! Angekuwa mwongo, si angeshika kitabu kimojawapo, akaapa, akarudi kukaa kwenye kiti chake? Kapoteza cheo kwa kukataa kuwadanganya, halafu mnasema haaminiki.

Mama karanga wanamjua. Samaki wakiletwa, kwanza anapima beseni tupu, mama mwenyewe anaona mshale wa mizani umesimama wapi, ndipo samaki wanatiwa na uzito wa beseni unatolewa. Asipofanya hivyo, mama analipia beseni kwa bei ya changu. Wapo wapimaji wanaotoka msikitini na kanisani wakaja moja kwa moja kwenye mizani, na hilo hawalifanyi. Nimewaona kwa macho yangu.

Mimi ni Muislamu, naswali, na naongea kwa dini yangu. Wakati wa Hijra, mwaka 622, Mtume (s.a.w.) na Abubakar walimkodi Abdullah bin Urayqit awaonyeshe njia ya Madina. Bwana huyo alikuwa bado kwenye dini ya Makureshi, kabila la Makka lililompinga Mtume. Walimkabidhi ngamia wao, wakaagana wakutane naye penye pango la Thaur baada ya siku tatu, na huku Makureshi wameshatangaza zawadi kwa atakayewakamata. Naye akaja! Walimwamini kwa roho zao, nyinyi mnaogopea pesa za kikundi? Mtasema alikuwa na masanamu yake. Haya, masanamu ndiyo yaliyomfundisha uaminifu?

Ndugu zetu Wakristo nao wafungue Warumi sura ya 2. Paulo anasema watu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, wasio na sheria hufanya ya sheria kwa tabia zao, maana imeandikwa mioyoni mwao.

Najua atatokea mtu aniletee Ash'ari, mojawapo ya makundi ya wanazuoni wa itikadi ya Kiislamu, kwamba wema na ubaya hujulikana kwa sheria ya Mungu tu. Kundi la Mu'tazila walisema akili yenyewe inaweza kuyajua hayo, Ash'ari wakawapinga, na kundi la tatu, Maturidi, wakaipa akili nafasi kubwa kuliko Ash'ari. Lakini ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya thawabu na adhabu mbele ya Mwenyezi Mungu. Kusema kwamba asiyeamini hawezi kutunza amana ya watu ni jambo jingine kabisa, msiwasingizie wanazuoni.

Na sisi watu wa Malindi ndio tulipaswa kuwa wa mwisho kusema hivyo. Msitu wa Shakahola si mbali. Mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili pale, ikapita 400, ya watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Waliambiwa hayo kwa jina la Mungu. Tuliposikia kwamba watoto wamenyimwa chakula, nani alingoja fatwa au mahubiri ndipo ajue ni uovu? Muislamu, Mkristo, mzee wa kaya anayefuata mila, asiye na dini, sote tulisisimka palepale. Dini imenijenga na sitaiacha, lakini ule msisimko ulikuja kabla ya aya yoyote.

Ninachotaka: mkutano uitishwe upya na daftari lisomwe mbele ya wote, ukurasa kwa ukurasa. Pakionekana upungufu, aondoke kwa upungufu huo. Usipoonekana, arudishiwe kazi yake na aombwe radhi hadharani, kama alivyoaibishwa hadharani. Na nyinyi wa kikundi mnaosoma hapa, mlionifuata baada ya mkutano mkinong'ona kwamba mmeumia, mbona mikono yenu ilinyanyuka?