HB (kipimo cha wingi wa damu) 7.4 baada ya upasuaji, daktari kagoma kuongeza damu. Ni uzembe?

Bomba la Kihonda:
Wakuu habari za jioni. Nyumbani kwetu hapakaliki tangu jana, naomba mnieleweshe.

Mdogo wangu, miaka 24, kajifungua kwa upasuaji Jumanne. Mtoto mzima. HB yake kabla ya kuingia thieta ilikuwa 9.8, sasa inasoma 7.4. Nesi alishatuambia tujiandae, kwa hiyo mimi, shemeji na binamu wawili tukaenda kutoa damu. Leo asubuhi daktari kapita, kamwangalia macho na viganja, kamtembeza hadi mlangoni na kurudi, kisha kasema haongezewi. Kaandika vidonge vya madini ya chuma, arudi kupimwa baada ya wiki mbili.

Mama analia. Shangazi anasema damu yetu imeshauzwa. Mimi ni fundi bomba, ninachojua tenki likishuka unajaza. Tumhamishe hospitali?

Baba Pacha:
Hamisha mkuu, usisubiri. Mama watoto wangu alikuwa na 8, hospitali ya binafsi wakamtundikia chupa mbili siku hiyohiyo. Kesho yake anacheka.

Mzee wa Chumba cha Damu:
Baba Pacha, huenda angecheka hata bila hizo chupa.

Fundi, pole na hongereni kwa mtoto. Nimefanya kazi maabara miaka 26, mingi nikiwa upande wa damu. Sasa nafuga kuku. Zamani fomu zilikuwa zinanijia zimeandikwa "HB 9, chupa 2", basi. Tulikuwa na imani kwamba chini ya 10 mtu aongezewe, na wala hakuna aliyeuliza imani hiyo imetoka wapi. Mwaka 1999 Wakanada wakatoa majibu ya utafiti wa wagonjwa mahututi 838: wengine waliongezewa wakishuka chini ya 10, wengine wakasubiriwa hadi chini ya 7. Waliosubiriwa hawakufa zaidi. Ndiyo maana leo kwa mtu mzima aliyetulia, asiyevuja damu, 7 ndiyo namba ya kuanza kufikiria. Mwenye ugonjwa wa moyo, 8.

Utasema hiyo ni Kanada. Haya, njoo Uganda na Malawi. Mwaka 2019 yalitoka majibu ya watoto wenye HB kati ya 4 na 6, wasio na dalili za hatari. Nusu walipewa damu papo hapo, nusu wakaangaliwa kwa karibu. Vifo havikutofautiana kiasi cha kusema damu ya haraka ndiyo iliyookoa. Ila usinielewe vibaya: karibu nusu ya walioangaliwa walikuja kuongezewa baadaye, kwa sababu walishuka au walibadilika. Kusubiri kwenyewe ni kazi, si kumwacha mgonjwa kitandani.

Sasa tenki lako. Mteja akikuita, unaangalia tenki tu, au unafungua koki uone maji yanatoka? Daktari alipomtembeza dada yako alikuwa anafungua koki. Alitaka kuona kama anahema, anapata kizunguzungu, au mapigo yanaenda mbio.

Na damu ina gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Tunapima UKIMWI, homa ya ini B na C, kaswende, lakini hakuna kipimo kinachofuta hatari yote. Binti wa miaka 24 anaweza kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtu mwingine, ikaja kumsumbua mimba ijayo. Nakumbuka mzee mmoja, hospitali siitaji, moyo wake dhaifu. Chupa ya kwanza jioni, ya pili usiku, katikati hakuna aliyempima. Alfajiri anahema kama katoka kupanda mlima, mapafu yamejaa maji. Alipona, lakini mimi ndiye niliyeitoa ile chupa ya pili dirishani. Chupa moja hupandisha HB kwa kama 1 tu. Toa moja, pima, ndipo uamue.

Shangazi mwambie damu yenu haikuwa na jina la dada yako. Iko kwenye jokofu, ina siku 35, na atakayeletwa usiku akimwagika damu ataikuta.

Nesi wa Wodi ya Wazazi:
Naungana na mzee, isipokuwa wiki mbili kwa 7.4 naona mbali. Mngeomba apimwe baada ya wiki moja. Muulizeni pia kuhusu madini ya chuma ya kuchoma kwenye mshipa, kama yapo hapo.

Vidonge asinywe na chai! Maji ya limau au chungwa, chai ingoje kwa muda wa saa mbili. Choo kitakuwa cheusi, asiogope akaacha dawa. Avimeze miezi mitatu, hata akijisikia mzima. Akilowesha pedi ndani ya saa moja, akizimia, au moyo ukimwenda mbio naye amekaa tu, hapo hakuna cha kusubiri tarehe. Mbio hospitali.

Bomba la Kihonda:
Nimerudi wodini. Daktari kakubali apimwe Jumatano ijayo, ya kuchoma hawana kwa sasa. Dada kaoga mwenyewe leo. Mama katulia.

Shangazi bado anataka aonyeshwe hilo jokofu. Na katika waliotoa damu, yeye hakuwemo.